Breki kwanza, springi baadaye: hesabu ya mwenye lori Ufipa

SUMBAWANGA. Kila mwaka mavuno yanapoanza kushuka bei na wanunuzi wa mpunga wanapopanga safari za Bonde la Ziwa Rukwa, wenye malori madogo na ya kati katika mji huu huanza kutengeneza magari. Gereji hujaa. Fedha zilizowekwa tangu msimu uliopita hutoka, na nyingine hukopwa. Ukiangalia fedha hizo zinaishia wapi, orodha huwa ni ileile: matairi, injini, kimo cha bodi, na juu ya yote, kuongeza majani ya springi ili gari lililoundwa kubeba tani nne libebe saba.

Breki huja mwisho, na mara nyingi huja tu pale pedali inapogusa sakafu.

Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ambako barabara ni tambarare, mpangilio huo unaweza kuvumilika kwa muda. Kwa mwenye lori wa Ufipa ni kosa la kibiashara kabla hata halijawa kosa la usalama, na wakati umefika lijadiliwe kama kosa la kibiashara.

Mlima haulipi nauli

Uwanda wa Ufipa uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake, chini ya ukingo wa Lyambalyamfipa, Ziwa Rukwa liko karibu mita 800. Magharibi, Ziwa Tanganyika nalo halizidi mita 780. Maana yake ni kwamba mtu wa Sumbawanga anayetaka kufanya biashara na Muze, Mtowisa au Ilemba upande mmoja, au na bandari ya Kasanga upande wa pili, hana njia ila kushuka karibu kilomita nzima ya kimo na baadaye kuipanda tena.

Wengi huhesabu safari ya kupanda. Mpunga na ufuta kutoka bondeni ndivyo vinavyolipa, na ndivyo vinavyotesa injini. Ndiyo sababu mwenye gari hununua nguvu ya kupanda. Lakini lori halishuki tupu. Hushuka na saruji, mabati, soda, sabuni na vitu vya dukani. Na kwa njia ya Matai hushuka na saruji ya Mbeya na mahindi yanayovushwa ziwa kwenda Kongo. Nauli ya kushuka huwa ndogo, wakati mwingine huchukuliwa kama fedha ya mafuta tu. Basi safari inayodharauliwa katika daftari ndiyo hiyohiyo inayobeba hatari ya kupoteza gari zima.

Hesabu yake si ngumu. Chukua gari lenye uzito wa tani saba pamoja na mzigo, lishuke mita 900. Nguvu inayoachiliwa katika mteremko huo, ikigeuzwa yote kuwa joto, inatosha kuchemsha lita 185 za maji ya kawaida, yaani karibu pipa zima. Gari hilohilo likiongezewa springi na kupakiwa hadi tani 10, joto linakuwa la kuchemsha lita zaidi ya 260. Pipa moja na theluthi, na dramu za breki ni zilezile, breki shuu ni zilezile, na mafuta ya breki ni yaleyale yaliyowekwa na mwenye gari wa kwanza.

Kwa lugha nyingine: kushuka mita 900 ni sawa na kulisimamisha gari kutoka kasi ya kilomita 80 kwa saa mara 36 mfululizo bila kupumzika. Hakuna dereva mwenye akili timamu anayeweza kufanya hivyo katika barabara ya Laela kwa kujifurahisha. Lakini ndivyo mlima unavyomwambia afanye.

Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi. Sehemu inaweza kuchukuliwa na injini. Linalobaki huingia katika breki. Biashara yote ya kuchagua breki ni kuamua mapema nani atabeba joto lipi.

Wanachojua watu wa mbio

Ulaya, Japani na Marekani kuna watu wenye magari ya kawaida ambao hulipa kiingilio ili wayaendeshe kwa kasi katika viwanja vya mbio kwa siku moja, kisha warudi nayo nyumbani. Maarufu kuliko vyote ni Nürburgring nchini Ujerumani, ambako mzunguko mmoja wa njia ya kaskazini una karibu kilomita 21 za kona, miinuko na miteremko. Watu hao hawana uhusiano wowote na mpunga wa Rukwa, lakini wana tatizo moja na dereva wa Muze: breki zilizoundwa kwa matumizi ya mjini zinatakiwa kufanya kazi ya moto mfululizo.

Katika mchezo huo kuna funzo lililogharimu fedha nyingi. Mgeni hukimbilia kununua diski kubwa zenye kung'aa na kalipa za rangi nyekundu. Mwenyeji hufanya kinyume. Kwanza hubadili mafuta ya breki. Pili huweka pedi zinazostahimili joto. Tatu huhakikisha hewa inafika kwenye breki na matairi ni mazuri, kwa kuwa anayelisimamisha gari mwishowe ni tairi. Diski kubwa hununua baadaye, ikiwa bado anaona haja. Huanza na kinachoshindwa kwanza, na kinachoshindwa kwanza ndicho cha bei ndogo.

Mpangilio huo unafaa Sumbawanga, pamoja na marekebisho machache yanayotokana na lori.

Ugonjwa una dalili mbili

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari amuulize dereva wake swali moja: breki zinapochoka mlimani, pedali inakuwaje?

Ikiwa pedali inakuwa laini na kuzama, katika gari la breki za mafuta, mafuta hayo yamechemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, na kila yanavyonyonya, kiwango cha kuchemka hushuka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yanapochemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa. Dereva anakanyaga mvuke badala ya kukanyaga breki.

Ikiwa pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami, hapo lainingi zimepitwa na joto. Gundi inayoshikilia lainingi hutoa gesi, uso wake unakuwa kama kioo, na msuguano unapotea. Kumwaga mafuta mapya hakutasaidia lolote.

Kwa malori makubwa ya breki za upepo kuna dalili ya tatu: dereva anakanyaga, upepo unatoka, lakini breki shuu haifiki. Chuma cha dramu hutanuka kwa joto. Dramu yenye kipenyo cha sentimita 40, joto lake likipanda kwa nyuzi 300, hutanuka kipenyo kwa zaidi ya milimita moja. Gari ambalo breki zake zilikuwa zimelegea kidogo asubuhi mjini, katikati ya mlima linakuwa halina breki. Tiba yake haiuzwi dukani. Ni fundi kulala chini ya gari na kukaza ajasta kabla ya safari.

Mtu anayenunua dawa bila kujua ugonjwa hutupa fedha. Katika breki hutupa na gari.

Orodha ya manunuzi

Kwa mwenye lori mwenye fedha kidogo, mpangilio unaostahili kufuatwa ni huu.

Kwanza, kurudisha kilichopo katika hali yake. Dramu iliyopasuka au iliyoliwa hadi kupoteza umbo la duara haitengenezwi na lainingi mpya. Silinda ya gurudumu inayovuja italowesha lainingi ya bei yoyote. Mipira ya breki iliyochanika, matangi ya upepo yasiyotolewa maji kila asubuhi, breki za upande mmoja zilizokazwa kuliko upande mwingine: hivi vyote ni kazi ya fundi zaidi kuliko spea. Ndiyo matumizi yenye faida kubwa kuliko yote kwa shilingi.

Pili, mafuta. Kutoka DOT 3 kwenda DOT 4 ni ongezeko dogo la bei na hakuhitaji kubadili kitu kingine katika gari lililotengenezwa kwa mafuta ya aina hiyo. La muhimu zaidi kuliko namba ni umri: yabadilishwe yote kila mwaka kabla ya msimu, si kuongezwa juu ya ya zamani. Chupa iliyofunguliwa na kukaa dukani mvua zote za masika imekwisha kunyonya maji yake. Na mnunuzi ajihadhari na DOT 5 isiyo na nukta moja, ambayo ni silikoni na haichanganywi na hayo mengine.

Tatu, lainingi. Hapa ndipo soko lina mtego. Lainingi nyingi huchapwa ukingoni herufi mbili zinazoeleza msuguano: ya kwanza kwa joto la kawaida, ya pili kwa joto kali. E ni msuguano wa kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Lainingi ya FE inashika vizuri mjini na kupungua mlimani. FF haibadiliki sana. Mwenye gari la Ufipa atazame herufi ya pili kabla ya kuuliza bei. Herufi hizo hazielezi lainingi itadumu kwa muda gani, na mtengenezaji wa bidhaa feki anaweza kuchapa herufi yoyote. Kwa hiyo risiti na jina la muuzaji vina thamani kuliko punguzo la bei. Ekseli moja iwe na lainingi za aina moja kulia na kushoto. Kuchanganya ni kununua gari linalovuta upande, na katika njia ya kuelekea Muze upande mmoja ni ukuta na mwingine ni korongo.

Nne, breki ya ekzosi, ile inayoziba moshi ili injini ijizuie yenyewe. Canter na Fuso nyingi zinazotoka Japani huja nayo. Kwa masizi na umri kifuniko chake hukwama, na mafundi huamua kuking'oa ili gari lisikose nguvu. Wanaong'oa hivyo wanamnyang'anya mwenye gari breki pekee isiyotumia lainingi. Kuifufua ni jambo la kwanza kwa yeyote anayeshuka Kasanga au Muze kila wiki, kwa kuwa kila joto linalotoka kwa moshi ni joto lisiloingia katika dramu.

Tano na mwisho ni mageuzi makubwa: ekseli ya gari kubwa zaidi, dramu pana zaidi, au diski. Haya ni kwa mwenye uwezo, tena yafanywe kwa ukamilifu. Kufunga breki kubwa mbele na kuacha za nyuma zilivyokuwa, bila kurekebisha uwiano, kunaweza kufanya magurudumu ya mbele yafunge katika kokoto huku usukani ukiwa hauna kazi.

Inayobaki haina bei. Kushuka kwa gia ya chini tangu juu ya mlima, kabla gari halijaanza kukimbia. Wapo madereva wanaoondoa gia na kuliacha gari liteleze wakiamini wanaokoa dizeli. Hawaokoi. Injini ya dizeli inayosukumwa na magurudumu huku mguu umeondolewa kwenye mafuta haipewi dizeli. Iliyo nje ya gia inaendelea kunywa ili isizimike. Anayeteleza anapoteza dizeli na breki kwa pamoja. Na anayezima injini kabisa anapoteza pia kile kinachosaidia pedali.

"Breki hazileti mzigo"

Wenye malori wana hoja yao, na haifai kupuuzwa. Wanasema nauli hupangwa na soko, si na ubora wa gari. Mwenye saruji haulizi habari za lainingi. Anauliza mfuko mmoja ni shilingi ngapi. Anayetumia fedha katika breki anashindana na jirani asiyetumia, na jirani huyo anaweza kushusha nauli. Katika soko huria, wanasema, mwaminifu ndiye anayefilisika.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama gharama ingekuwa kubwa. Tuchukue tarakimu za mfano tu. Matengenezo kamili ya breki yakigharimu shilingi milioni 1.5, na gari likafanya safari 30 za kushuka katika msimu, kila safari inabeba shilingi 50,000. Canter ya mifuko 80 ya saruji inagawa hizo kuwa shilingi 625 kwa mfuko. Hiyo ni fedha inayoweza kupatikana kwa kupatana vizuri na mwenye mzigo, au kwa kuokoa siku mbili za gari kulala gereji katikati ya msimu. Mwenye gari aweke bei zake halisi katika hesabu hiyo aone mwenyewe.

Upande wa pili wa daftari hauna mapatano. Magari mengi ya aina hii yana bima ndogo, inayolipa wengine walioumizwa lakini haimlipi mwenye gari chombo chake. Hata mwenye bima kubwa asome masharti: gari lililozidishiwa mzigo au lisilofaa kuwa barabarani ni mlango ambao kampuni ya bima inaweza kutokea. Mzigo nao una bima yake, nayo hukatwa na wachache. Mtu aliyekopa benki kwa dhamana ya nyumba ili anunue Canter moja, gari hilo likitumbukia, atabaki na deni, kesi na misiba ya watu.

Na misiba si nadharia. Lori lolote la Rukwa linalokwenda Dar es Salaam kwa njia ya Tunduma hupita mteremko wa Iwambi, Mbeya. Hapo Juni 2025 lori lilipoteza breki, likagonga magari mengine, na watu 28 wakafa. Waliokufa hawakuwa wamekubaliana na yeyote kuhusu nauli.

Nani alipe

Serikali imefanya sehemu yake katika uzito. Tangu mwaka 2019 Tanzania inatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, na mizani imekuwa na meno zaidi. Lakini mizani hupima uzito, haipimi breki. Na njia za kushuka bondeni si barabara kuu.

Barabara nzuri pia zimeleta changamoto yake. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyogharimiwa na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani katika mkataba wa mwaka 2008 hadi 2013, na ile ya kilomita zipatazo 112 ya Sumbawanga, Matai hadi Kasanga, zimefupisha safari na kupunguza uharibifu. Zimeongeza pia kasi. Gari ambalo zamani lilizuiwa na mashimo sasa linazuiwa na breki peke yake.

Kwa hiyo mabadiliko hayana budi kuanzia sokoni. Wenye mizigo ndio wenye nguvu. Wakala wa saruji au mnunuzi wa mpunga anayetuma malori 10 kwa wiki anaweza kuweka sharti moja: dereva aonyeshe risiti ya matengenezo ya breki ya msimu huu, au apishe mwenzake. Sharti hilo halimgharimu chochote, linalinda mzigo wake, na linaondoa ile hofu ya mwaminifu kushindwa na asiyejali.

Wenye malori nao hawalazimiki kununua mmoja mmoja kwa bei ya rejareja. Watano au sita wenye Canter za aina moja wakichangia, wanaweza kumtuma mmoja wao Mbeya au Gerezani, Dar es Salaam, akaleta lainingi za katoni moja kutoka kwa muuzaji anayejulikana, zenye risiti ya kuwabana wote wawili. Bidhaa feki hushamiri pale mnunuzi anapokuwa peke yake, ana haraka, na gari limekwama. Ikibainika ni feki, Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango zipo, lakini malalamiko bila risiti ni hadithi tu.

Na mwekezaji mdogo anayefikiria kuingia katika biashara hii msimu ujao abadili swali lake. Akipelekwa kuona gari linalouzwa, asianze na kuuliza linabeba tani ngapi. Aulize linasimama na tani ngapi. Kama majani ya springi yameongezwa na breki hazijaguswa, bei aliyotajiwa haijakamilika; apunguze gharama ya breki hapohapo, au amwachie mwenyewe gari lake.

Springi huongeza mapato ya safari moja. Breki huamua kama safari zitakuwa 30. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Ufipa ukingo wenyewe unaonekana kwa macho.